Hii Taa Mnamwachia Nani?

Nyumbani kwetu Tanga, kuacha taa ikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu lilikuwa kosa la kuchapwa. Mama alisimama mlangoni, mkono kiunoni: "Hii taa mnamwachia nani? Shetani?" Tulikimbilia swichi.

Basi mwaka wangu wa kwanza Toronto nikapata kazi ya usafi kwenye jumba la maigizo la enzi za Malkia Victoria, lenye viti vya mahameli na malaika wa plasta waliomeguka pua. Kila asubuhi nilikuta balbu moja juu ya mlingoti, inawaka katikati ya jukwaa tupu. Wazungu na umeme wao! Nikimaliza kufagia naizima, napanda basi kurudi mtaani kwangu, Jane na Finch, najiona mtu wa maana.

Siku ya nne nikakuta kikao jukwaani. Fundi alikuwa amejigonga ugoko gizani. Waigizaji wawili walikuwa wamegoma kuingia. Meneja, mama mwembamba asiyepaza sauti, alikuwa anamhoji bawabu, mzee wa Kijamaika, kwa kuwa funguo zote anazo yeye.

"Taa ile ni ya mzimu wa jumba," meneja alisema. "Haizimwi. Ikizimwa tena, nitatafuta bawabu mwingine."

Mzee yule ndiye aliyenipa glavu zake siku niliyoona theluji mara ya kwanza. Nami nilikuwa bado kwenye mwezi wa majaribio. Sitaficha, nilitamani sana kunyamaza. Kisha mkono ukanyooka wenyewe, kama wa mtoto darasani.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Kwetu ukiacha taa, mama anauliza unamwachia nani. Shetani?"

Meneja alinitazama mpaka nikaanza kuiaga kazi moyoni.

"Mwambie ndiyo," akasema.

Bawabu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. Kazi zikabaki, yake na yangu. Nilifurahi hata nikapiga deki jukwaa mara mbili.

Jumapili nikampigia mama.

"Mama, nimemjua yule tuliyekuwa tunamwachia taa. Ni mzimu. Yuko huku."

"Huko Ulaya?"

"Huku huku. Wanasema taa yake isizimwe kamwe. Nusura nifukuzwe kazi."

Nikajua kwamba safari hii nimemweza.

"Haya," akasema. "Basi akishalala, uizime."