Edah Atangulia Kuiona Bunyoro

Barua ya Dinah ilifika Kitale siku ya Jumamosi, mwezi wa tatu mwaka 1950, na kufikia Jumapili jioni Jairus Wabwile alikuwa amewaambia watu kumi na mmoja kwamba anahama Kenya.

Alikuwa hajaulizana na mkewe, na barua yenyewe ilikuwa ya mkewe. Edah ndiye aliyesoma na Dinah katika shule ya misheni karibu na Misikhu, wakalala kitanda kimoja miaka mitatu. Ndiye pia aliyejua kusoma. Jairus alikaa juu ya gogo, kofia mkononi, na kila sentensi ilipoisha akasema, "Rudia hapo."

Dinah na mume wake walikuwa wamehamia Uganda miaka miwili nyuma, sehemu za Bunyoro, ng'ambo ya ziwa Kyoga. Aliandika kwamba huko ardhi hainunuliwi. Unakwenda kwa chifu, unaonyeshwa pori, unafyeka. Hakuna bwana wa shamba, hakuna kengele ya alfajiri, hakuna siku za kumlimia mtu mwingine. "Sisi tunanunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa," aliandika. "Vingine vyote vinatoka chini ya miguu yetu."

"Rudia hapo," akasema Jairus.

Wakati huo walikuwa wameishi miaka kumi na mmoja kwenye shamba la Mzungu mmoja, mwendo wa asubuhi kutoka Kibomet, karibu na Kitale. Walikuwa maskwota. Jairus aliongoza maksai wa plau, kumi na sita katika mnyororo mmoja, akiwaita kwa majina bila kuinua kiboko. Malipo yake hasa yalikuwa kipande cha kulima na ruhusa ya kulisha ng'ombe wake mwenyewe. Lakini mwaka huo amri mpya ilikuja: siku za kazi zimeongezwa, na skwota asiwe na ng'ombe zaidi ya watano. Jairus alikuwa nao kumi na wanne. Kurudi nyumbani kwao Bumula nako kulikuwa kugumu, maana shamba la baba yao lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano, na Barasa, yule mkubwa, alikuwa tayari anapanda mahindi mpaka kando ya njia ya watu.

Ndiyo maana barua ile ilimpanda kichwani kama pombe, na yeye hakuwa mtu wa kunywa.

"Baba Mukhisa, umeshaaga watu," Edah alimwambia. "Na hujui hata huko kunanyesha mvua gani."

"Si Dinah amesema?"

"Dinah amesema mazuri. Mimi namjua Dinah. Akila ugali bila mboga anakuambia ameshiba sana."

Jairus akacheka. Edah mwenyewe alikuwa amesisimka kuliko alivyotaka ionekane. Tangu asubuhi alikuwa ameirudia barua ile mara sita, nyingine akiwa peke yake nyuma ya nyumba. Lakini walikuwa na watoto wanne, na hakutaka kuwapandisha gari la moshi kwa sababu ya maneno matamu ya karatasi.

"Lazima mtu aende aone," alisema.

"Nani? Mimi nina mkataba mpaka Desemba. Na huu ndio mwezi wa plau. Nikiondoka hata siku mbili, napelekwa kortini."

"Mimi sijaweka kidole kwa mkataba wowote."

Jairus alianza kucheka tena, halafu akaangalia mikono yake, kisha akamwangalia mkewe.

"Kumbe aliyefungwa hapa ni mimi peke yangu," akasema.

Jirani yao alikuwa Chepkemoi, mzaliwa wa mlima Elgon, ambaye mumewe alikamua ng'ombe wa Mzungu huyo huyo. Alikubali kuwaangalia watoto bila kuombwa mara mbili. Alisikiliza habari yote ya Bunyoro, ardhi ya bure, mihogo mirefu kama mtu, njugu, pamba. Mwisho akauliza swali moja.

"Na ng'ombe?"

Edah akaifungua barua. Kurasa nne. Aliipitia mstari kwa mstari, akaigeuza hata nyuma.

"Hakuna ng'ombe hata moja humu ndani," akasema.

"Basi uliza," Chepkemoi akamwambia. "Mimi siwezi kuishi mahali watu hawasemi habari ya ng'ombe."

Edah aliuza kuku wake, akapanda lori la mahindi mpaka Bungoma. Barasa alikuwa amesikia, akaja stesheni kumzuia. Alivaa koti lake la kanisani.

"Shemeji, watu watasemaje?" alilalamika. "Mwanamke kwenda kuangaria shamba nchi za watu?"

"Watasema alienda akaangalia."

"Ati na Jairus amekubari?"

"Amekubali. Si unishikie hiki kikapu."

Barasa alikishika. Gari lilipoingia kwa moshi na kelele, alisahau yote aliyokuja kusema, akakimbia kando ya mabehewa akimtafutia nafasi dirishani katika daraja la tatu, na kabla gari halijaondoka akamrushia mkungu mdogo wa ndizi.

Edah alitazamia kwamba mpaka wa Kenya na Uganda ungekuwa kitu cha kuonekana: ukuta, au askari wa kupunga bendera. Walipita kijito. Mzee aliyeketi mbele yake akasema, "Haya, tumeingia Uganda," na migomba ya upande huu ilikuwa sawa na ya upande ule. Edah alicheka peke yake mpaka yule mzee akasogea kidogo.

Lakini pale Namasagali, gari la moshi liliishia kwenye maji, na abiria wakahamia kwenye meli. Edah alikuwa na miaka thelathini na miwili, na alikuwa hajawahi kuona maji usiyoweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Wenzake walitandika leso wakalala. Yeye alisimama siku nzima akishika chuma cha pembeni, akiangalia gurudumu la meli likipiga maji, mafunjo yakiinama, kiboko akizama taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo. Alitamani Jairus awe pale. Alitamani pia asiwe pale, ili apate kumsimulia.

Kutoka bandari ya Masindi alibebwa na lori la pamba, na mwisho akatembea. Dinah alimwona kwa mbali. Akatupa jembe, akaja mbio katikati ya njugu zake mwenyewe, akizikanyaga, wote wawili wakipiga kelele kama wako bado bwenini.

Kwa siku mbili Edah hakuuliza kitu. Alilima tu na Dinah. Udongo ulikuwa mweusi, laini, jembe likizama bila kelele. Alizoea udongo wa Bumula unaohesabiwa kwa hatua, na huu hapa ulikuwa unaendelea mpaka msituni na hakuna mtu aliyeuwekea ua. Walikula mihogo, kunde, samaki wakavu wa ziwani. Jioni mume wa Dinah alikaa nje akisuka kamba, na Edah akatambua kitu kilichokuwa kinamshangaza: hakuna aliyekuwa anasikiliza kama ataitwa.

Asubuhi ya tatu walikuta robo ya mahindi imelala chini, na mashimo makubwa ya mviringo yamejaa umande.

"Tembo," Dinah akasema. "Hapa bwana mkubwa ni huyo tu."

"Analipwa?"

"Anajilipa."

Walicheka, na hapo Edah akauliza. "Dinah. Ng'ombe wako wapi?"

Dinah aliinama akaanza kuinua mabua yaliyovunjika, moja moja.

"Mbung'o," akasema bila kugeuka. "Hao inzi wa porini. Ng'ombe hawaishi hapa. Sisi tulikuja na wawili. Hawakumaliza mwezi."

"Na hukuandika."

"Ningeandika, ungekuja?"

Edah alikasirika kweli. Alikwenda mtoni akakaa huko mpaka saa za mchana, akifikiria Jairus na maksai wake, jinsi mtu huyo anavyoweza kumtambua ndama gizani kwa kugusa sikio. Alipanga maneno makali ya kumwambia Dinah. Lakini hasira ilipopungua aligundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa hafikirii ng'ombe tena. Alikuwa anafikiria mahali pa kuweka nyumba. Mlango utazame mto, au utazame njia?

Kesho yake Dinah, kwa kutaka kupatana, alimpeleka kwa chifu. Karani alifungua kitabu akauliza jina la mume. Edah akalitaja, akaeleza kwamba mume yuko Kitale, amefungwa na mkataba.

Chifu, mzee mnene aliyekuwa akimenya chungwa, alisema kwa Kiswahili cha taabu, "Mtu amekuja, ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi andika huyu."

Walimwonyesha pori lililoanzia kwenye mvule mkubwa mpaka kijito. Edah alilitembea kwa miguu mara nne, miiba ikimpasua gauni, mpaka Dinah akaketi chini akamwambia achague: ama apumzike, ama arudi nyumbani peke yake.

Aliporudi shambani kwa Mzungu, Jairus alikuwa akimsubiri barabarani na watoto wote. Edah alikuwa ameapa njia nzima kwamba neno la kwanza litakuwa lile gumu.

"Ng'ombe hawaishi huko," akasema. "Kuna mbung'o."

Jairus akampa mtoto mdogo aliyembeba, akaenda zizini.

Siku mbili hakuuliza lolote. Edah naye hakumfuata. Aliwasimulia watoto na Chepkemoi habari ya meli, ya kiboko, ya nyayo za tembo ambazo mtoto angeweza kuogea ndani, ya nyumba ambayo hakujua itazame mto au njia, na kila alipoanza kusimulia, aliona kivuli cha Jairus kikija kusimama mlangoni. Siku ya tatu kivuli kikasema:

"Huo udongo. Ukichimba, jembe linaingia mpaka wapi?"

Edah alionyesha kwa mkono wake, akaweka kidole juu kidogo ya kifundo cha mkono.

"Wacha uongo."

"Uliza mgongo wangu. Nimelima siku tisa, hauumi."

Jairus akaingia, akaketi. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Hapa watanibakishia ng'ombe tano na bwana mmoja," akasema polepole. "Huko sina ng'ombe, na bwana hakuna."

"Hakuna."

"Wewe unasemaje, Mama Mukhisa?"

"Mimi jina langu liko kwa kitabu cha chifu. Nataka kwenda. Nataka sana. Lakini sitaenda na mtu ambaye atanilaumu kila akiona maziwa."

Jairus akaanza kutabasamu, kwanza upande mmoja wa mdomo, halafu uso mzima, kama siku ile ya barua.

"Nyumba itazame mto," akasema.

Mwezi wa Desemba mkataba ulipoisha, alimpa Chepkemoi ng'ombe mmoja wa maziwa kwa ajili ya watoto aliowalea, akauza baadhi, na wengine akawapeleka Bumula kwa Barasa kwa miguu. Alirudi macho mekundu. Alisema ni vumbi, na Edah akasema ndiyo, vumbi lilikuwa baya mwaka huo. Wakapanda gari Bungoma, watu sita, na masufuria, na mbegu za wimbi zilizofungwa ndani ya soksi. Kwenye meli Jairus hakuketi hata dakika moja.

Mwaka wa kwanza uliwatesa. Jairus, aliyezoea nguvu za maksai kumi na sita, sasa alikuwa na jembe la mkono. Alipojiunga na majirani kulima kwa zamu, alianza bila kujua kuwaita kwa majina ya maksai wake, huyu Simba, yule Mzungu, yule Mvivu, na wao wakayapenda, wakayaitikia. Mwezi wa tano mtoto wa mwisho alishikwa na malaria wiki mbili, na siku moja Edah alifunga virago kabisa ili warudi. Homa ikashuka mchana huo huo. Alifungua virago bila kumwambia mtu. Tembo walikula nusu ya mahindi, lakini nusu iliyobaki ilijaza ghala mbili. Chai ya rangi Jairus aliinywa kila asubuhi akinung'unika, na hakumlaumu mtu.

Watu wengine walifuata, kutoka Misikhu, Bumula na hata Kitale, mpaka kufikia mwaka wa nne pande zile zilikuwa na nyumba karibu arobaini zinazoamkiana kwa salamu ya kwao, "mulembe" njiani. Shule hakuna. Edah alianza kuwafundisha watoto chini ya kibanda cha nyasi, akitumia barua za Dinah za zamani kama kitabu cha kusomea, mpaka wanaume wakauza pamba pamoja, wakanunua mabati.

Siku ya kwanza ndani ya darasa jipya, mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata watoto wakaziba masikio. Edah alijaribu kupaza sauti, hakuna aliyesikia neno. Akaiweka chaki dirishani, akawafungulia mlango. Wakatoka wote mbio mvuani, na mwalimu nyuma yao, viatu mkononi.