Likizo na Sakafu ya Mama

Ipo siku moja ya likizo ya Desemba, mwanangu, ambayo ikinijia huwa naacha ninachofanya. Mvua ilikuwa imelowesha Ujiji yote, tope jekundu mpaka kwenye vizingiti, na mama yangu alikuwa ameamka alfajiri kupiga deki kwa sababu shangazi alikuwa anakuja kutoka Kidahwe.

Nikuambie kwanza mama alivyokuwa. Sakafu yetu ya saruji aliisugua mpaka unajiona uso. Vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi alivitia uji wa muhogo, vikakauka vimesimama kama karatasi. Majirani walimsifu, naye sifa zile alizivaa kama khanga mpya. Lakini shule zikifungwa alikuwa kama mtu aliyevamiwa. Akaweka sheria: ukishakunywa chai, nje, chakula cha mchana, kibarazani, ndani utaingia magharibi, umeshaoga. Usimdhanie vibaya, alitupenda sana. Ila aliamini kwamba nyumba safi ni ile ambayo watoto hawajarudi bado.

Siku hiyo mdogo wangu Siti, aliyekuwa darasa la kwanza, hakuonekana wakati wa kula. Mama akasema yuko michezoni, njaa itamleta. Adhuhuri ikapita, mvua ikarudi. Nikamwona mama amesimama mlangoni na dekio mkononi, anatazama upande wa ziwa, uso wake ukabadilika. Sisi watu wa kando ya Tanganyika hatuhitaji kuambiana ziwa linaweza kufanya nini. Alilitupa lile dekio akatoka peku, mimi nyuma yake. Ufukweni tukawauliza wavuvi, tukawauliza wanawake waliokuwa wakifunika dagaa wao kwa maturubai. Hakuna aliyemwona. Mama hakulia. Alikuwa analitaja tu jina la Siti, kwa sauti ndogo, njia nzima.

Tulimpata tukiwa tunarudi, kwa jirani yetu Mama Kwizera, bibi wa Kirundi aliyehamia mtaani kwetu zamani na kulea wajukuu wengi katika vyumba viwili. Siti alikuwa amelala mkekani, homa inamchemsha, na bibi anamkanda kwa kitambaa cha maji. Alikuwa ametuma mjukuu kwetu, hakukuta mtu. Mama akapiga magoti, akamuuliza mwanawe kwa nini hakuja nyumbani.

"Nilitaka kutapika, mama," Siti akasema. "Nikachungulia, nikaona umeshapiga deki."

Mama Kwizera alikikamua kile kitambaa, akamwambia mama bila kuinua macho, "Mama Rehema, usije ukadhani mtoto ananipenda mimi kuliko wewe. Kwangu ameona pa kutapikia, basi."

Tukampeleka zahanati, ilikuwa malaria, na dawa ikamwahi. Tuliporudi, mama alipita naye sebuleni kwa miguu yake ya tope, akamlaza kwenye kochi, juu ya vitambaa vyake vyeupe. Shangazi alikuwa ameshafika, ameketi. Alizitazama zile nyayo kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi, akasema, "Afadhali. Leo nimeingia kwa wifi yangu. Siku zote nilikuwa naona kama nimeitwa ofisini kwa mkuu wa wilaya." Mama akacheka, kisha ndipo akalia.

Sasa usidhani aliacha usafi. Mama yangu aache usafi? Alibadili mlango wake tu. Kesho yake vitambaa viliingia sandukuni, sebuleni ukatandikwa mkeka. Ndoo ya maji na kikopo vikakaa kizingitini: unakuja na tope, unaliacha hapo. Aliyekula akaosha sahani yake. Alasiri tulifagia sisi, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya mama, maana alijizuia asifagie tena nyuma yetu. Nilikuwa nikiacha taka pembeni, namwona vidole vinamwasha, anageuka anaenda kumenya ndizi. Mawese yalimwagika kwenye mkeka. Doa halikutoka, akaliwekea kigoda. Likizo ilipokwisha hata mdogo wetu wa mwisho, aliyemfuata Siti, alikuwa anajua kufagia pembe.

Basi, mwanangu, najua shule zimefungwa, nawe unahesabu wiki. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Mgeni ataisifu nyumba yako kisha ataondoka. Mwanao ndiye atakayeikumbuka. Mpe ufagio angali mdogo, hata akifagia vibaya, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi. Mwekee mahali pa kuchezea ndani kwako, kwani mcheza kwao hutunzwa. Dai usafi, udai kila siku, wala usione haya kuudai. Lakini udai mkiwa wote ndani. Ukimtoa mtoto ili nyumba ing'ae, hujasafisha, umehamisha tu. Na siku akiungua, akianguka, akikosea jambo la aibu, atachungulia mlangoni kwanza aone kama ana nafasi.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usiopungua subira. Ziwa likurudishie wanao kila jioni, wakiwa na kelele zao na tope lao, na waingie bila kubisha hodi.