Siku Niliyompa Mjukuu Wangu Sonona

Mkisikia watu wa Vitongoji wananiita Daktari, msidhani wananiheshimu. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe, mbele ya wageni, tena nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mpaka leo nikiitwa hivyo natamani ardhi ipasuke nizame.

Ilianza pale muuguzi kutoka Chake Chake alipokuja skuli kutufundisha sisi wazee maneno ya maradhi ya akili, ili tuyafikishe majumbani kwa lugha nyepesi. Alieleza vizuri, Mungu ambariki. Msongo wa mawazo, alisema, ni kama ng'ombe wa gari aliyepakiwa mpaka magoti yanatetemeka, ukimpunguzia mzigo atatembea. Wasiwasi uliozidi ni kuogopa jambo ambalo halijafika hata usingizi ukakukimbia. Kiwewe ni mtu aliyewahi kuunguliwa na nyumba, leo akisikia kiberiti tu anaruka. Na sonona ni huzuni iliyoingia ikagoma kutoka: mtu hali, hasemi, anajifungia ndani. Hapo nikanyanyuka (harufu ya pilau ilikuwa imeshafika dirishani, sifichi), nikakosa kipande cha pili cha somo, nacho kilikuwa cha namna ya kumuuliza mtu kabla hujampa jina la ugonjwa.

Wiki ile ile wakaja watu wa Micheweni kuchukua jibu la posa ya mjukuu wangu Sabra. Baba yake, mwanangu, ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii, wa kumwozesha, ni mie. Mposaji ni mwalimu, kijana mtulivu, na wageni waliongozwa na ami yake, Mzee Faki. Kwetu mwari haropoki. Walii huingia ndani akamuuliza, akinyamaza ndiyo karidhia, watu wanakula halua. Kazi nyepesi kuliko hiyo hakuna.

Nikaingia. Sabra kajifunika kanga gubigubi, kainamisha kichwa. Nikamuuliza kama anamridhia kijana. Kimya. Pembeni sahani ya wali imepoa. Nikamgeukia bibi yake, Bi Time.

"Kala huyu?"

"Hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Katoka nje?"

"Atoke vipi, na wageni wamejaa ukumbini?"

Elimu ikanipanda kichwani. Hali, hasemi, hatoki! Nitamwozaje mtoto mgonjwa, mie mtu niliyesoma? Nikarudi ukumbini, nikakohoa.

"Jamaa zangu, jibu litachelewa kidogo. Mtoto ana sonona."

Mzee Faki akaweka kikombe cha kahawa chini. "Ana nini?"

"Sonona."

"Ni kitu cha kupanda kichwani?"

"Hasha, si sheitani," nikasema, nikaanza kueleza kwa lugha nyepesi kama nilivyofundishwa, na kila nilipoeleza nikazidi kujichimbia. Mgeni mmoja akasema ikiwa ni kununa, kutokula na kujifungia, basi mkewe anayo kila yeye mume akirudi kutoka sokoni mikono mitupu. Mwingine akauliza kama inaambukiza. Bi Time, kule mlangoni, alikuwa akinipungia mkono ninyamaze, mwili mzima unamtetemeka kwa hasira, nami (Mungu anisamehe) nikamwonyesha kidole: "Na huyo bibi yake, mnavyomwona, ule ndio wasiwasi."

Mzee Faki akasimama. "Tuondokeni, yakhe, tusimsumbue mgonjwa." Akaanza kutafuta viatu.

Hapo pazia likavutwa.

"Babu! Mie sina sonona! Nimeridhia! Namtaka!"

Lile "namtaka" lilifika barabarani. Mzee Faki, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasema, "Mgonjwa wenu ana pumzi," na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Wakakaa, halua ikaliwa, posa ikapita.

Lakini wageni walipoondoka nilimkuta Sabra analia. "Uliniuliza kama namridhia, Babu, hukuniuliza kama ni mzima. Wali haukupita kwa vile moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Sasa Micheweni nzima watasema nimepiga kelele kutaka mume. Nitaingiaje kwa watu wale?"

 Asubuhi yake nikaenda Micheweni peke yangu, nikamwambia Mzee Faki mbele ya shemeji yake, mama wa kijana, kwamba mtoto ana haya zake kamili na aliyemtoa haya ni mie.

Mama wa kijana akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani. "Mwambie aje tu. Sie tumepata mtu anayemtaka mtoto wetu, tuchukie?"

Mzee Faki akanitazama. "Na huku kuona ugonjwa kila mahali, nako kuna jina?"

"Kuna," nikasema. "Kiherehere."

"Basi kakitibu nyumbani."

Ndicho ninachokitibu. Siku hizi nikimwona mtu kanyamaza nakaa karibu yake, namuuliza ana nini, kisha nafunga mdomo, na kungoja huko, jamani, ndiko dawa chungu kuliko zote.