Nilimfuta Baba kwa Sababu Hakuwa HD

Nimekosa, jamani, na aliyenikosesha ni kichwa changu mwenyewe. Asisingiziwe shetani hapa. Shetani hata HD haijui!

Nilinunua tableti Ukunda, kioo cha inchi saba, nyuma imebandikwa karatasi inayong'aa: HD. Basi! Nikarudi Mwabungo mtaalamu. Kila aliyeketi nami barazani nilimwekea mechi na kumsomesha.

"Waziona nyasi? Unyasi mmoja mmoja?" nilimuuliza jirani yetu, Mzee Hamisi.

"Mie naona mpira," akanijibu.

Nikamhurumia kwa ushamba wake. Mjinga mimi!

Ndani ya tableti hiyo mlikuwa na video ya dakika mbili ya marehemu baba. Ilirekodiwa kwa simu ya zamani ya mama, na simu ilipokaribia kufa nikaihamishia video kwangu kwa usalama. Usalama! Baba kaketi uani, sura ukungu mtupu, anacheka, anamwita mama: "Mwanatumu! We Mwanatumu! Kahawa hiyo yaja kwa miguu?" Hatukuwa na nyingine yenye sauti yake. Mama aliitazama kila Ijumaa baada ya kuswali alasiri.

Siku moja tableti ikasema imejaa, nami nashusha fainali, ya HD bila shaka. Nikazipitia video zangu kama bwana mkubwa: hii safi, hii safi, hii ukungu. Ukungu nikaufuta. Wallahi sikufikiri mara mbili! Nilijiambia nitamtafutia mama picha nzuri ya baba, ya kung'aa.

Ijumaa ikafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee babako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema chaji imekwisha, nikakimbilia Ukunda kwa fundi mmoja wa bara. Akaipekua tableti weee, akatikisa kichwa.

"Buda, hiyo video imeenda. Umeshaweka mechi juu yake. Na hii skrini yako si HD, hiyo ni stika tu. Nukta zake za picha hazifiki. Mechi ikiingia hapa inapunguzwa ndio itoshee. Na hata ingekuwa HD, kwa kioo kidogo hivi ungejuaje tofauti?"

Kumbe! Nyasi nilizokuwa nikizihesabu ziliota kichwani mwangu! Nimemfuta baba yangu mzazi kwa ajili ya karatasi ya gundi.

Nilipomwambia mama hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Nami, aibu iliyoje, nikajitetea kwamba ile video haikuwa ikionekana vizuri.

"Nani alikuwa akitazama?" akasema. "Uso wake naujua. Nalikuwa nasikiliza anavyoniita. Mji mzima waniita Mama Fulani, kwa jina lako wewe. Aliyekuwa akiniita Mwanatumu ni yeye tu."

Akaenda zake jikoni. Ijumaa hizi haniulizi tena habari ya tableti.

Basi nyinyi mnaochagua video kwa usafi wake, kabla hamjafuta fumbeni macho kwanza, msikilize. Mie stika nimeibandua, lakini hainisaidii kitu. Hivi naandika, jirani kabisha mlangoni: "Hodi, Mama Fulani!" Mama ameitika. Fulani mwenyewe hana pa kuuweka uso.