Wakili aliyegeuka mjomba wa mtoto mkimbizi hapa Kihonda

Wakuu, salaam. Hii si chai. Nimeishuhudia kwa macho yangu mawili na miwani juu.

Jirani yangu Mama Pili ni Mluguru wa Matombo, anauza mboga. Mwaka jana alimkuta binti analia stendi ya Msamvu. Anaitwa Furaha, miaka kumi na tatu. Alikimbia vita mashariki mwa Congo, wazazi wameuawa, na aliyemsafirisha alimshusha pale akatokomea.

Mama Pili akamnywesha uji, akamleta nyumbani.

Baadaye wakaja watu wa uhamiaji na mwenyekiti wa mtaa.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu," akajibu Mama Pili bila kupepesa macho. Mimi msomi nikaunga mkono kwa kutikisa kichwa.

Jamani, huku kwetu mtoto yeyote ukimpa ugali ni wako. Lakini Furaha alipoulizwa kwa upole akasema kweli yote. Sasa ikaonekana kafichwa. Tukaambiwa huenda akarudishwa kwao, kule kule alikokimbia.

Ustawi wa jamii ndio walituletea wakili wa msaada wa kisheria. Nilitegemea mzee wa suti. Akaja dada mmoja, raba zimejaa tope la Kihonda. Nikamhutubia kuhusu haki za wakimbizi mpaka chai ikapoa.

"Asante kaka," akasema. "Sasa naomba nimsikilize mteja wangu."

Mteja! Furaha akakaa wima. Tangu afike, hakuna aliyewahi kumwita mtu mwenye shauri lake.

Hakumkamua maneno. Alikuja mara kadhaa, wakamenya njegere pamoja, habari zikatoka zenyewe kidogo kidogo.

Kisha akamgeukia Mama Pili. "Mama, ukisema umemzaa, unamnyima ulinzi. Mtoto mwenye mama Morogoro anakimbia nini?"

"Kwa hiyo nimkane?"

"Hapana. Sema ulivyompata, halafu sema utamlea."

Mama Pili akanuna kwanza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na akiwa na shauri anayesimama ni mjomba wake.

"Basi tatizo nimelijua," akamwambia wakili mwishowe. "Huyu hana mjomba. Mjomba ni wewe."

"Mimi na hereni hizi?"

"Hereni zimekuzuia kusema?"

Siku ya mahojiano ya kuomba ukimbizi, wakili alikaa ubavuni kwa Furaha. Mama Pili akasema: "Sikumzaa. Nilimkuta analia. Mkiniruhusu, nitakaa naye." Mimi niliagizwa ninyamaze, na wakuu, nilinyamaza kwa ustadi mkubwa.

Tukasubiri miezi. Mama Pili akawa hali chakula vizuri.

Majibu yakaja: Furaha ametambuliwa kuwa mkimbizi. Kwa kibali maalumu anaishi kwa Mama Pili wakati ndugu zake wakitafutwa. Shule anakwenda.

Nilichojifunza: kumpenda mtoto na kumsemea ni kazi mbili tofauti. Ukimpata kama huyu usimfiche, nenda ustawi wa jamii, omba wakili mapema.

Juzi wakili alipita kusalimia. Furaha akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mteja wangu."

Aliondoka na mkungu wa ndizi na shukrani za mtaa mzima.

Wenye uzoefu wa mashauri kama haya, shusheni hapa tujifunze. Wa kunisema kwa kile kichwa nilichotikisa, pangeni foleni. Mama Pili ameshawahi namba ya kwanza.