Barua ya Balozi kwa Wachunguzi wa Magoti

Tangazo lilinifikia likiwa limefungia beringi mbili. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na vipuri ambavyo ushirika ulituahidi kwa miaka mingi sasa vilivuka mpaka wa Kasumulu juu ya baiskeli. Mimi nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga Ipyana, na nina tabia ya kusoma karatasi kabla ya kuiwashia moto. Hii ilikuwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza, lugha niliyojifundisha kwa kamusi na vitabu vya injini.

Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilitafuta watu wa kufanya utafiti wa shahada ya uzamivu. Walitaka kujua jinsi viungo vya mwili vinavyojilainisha, na ni vitu gani vinaweza kuwekwa mahali pa mfupa uliolika. Mwombaji aeleze uzoefu wake, na aambatanishe barua za watu wawili wanaomfahamu. Hapakuwa na sharti jingine, kwa sababu kona ya chini ilikuwa imechanika.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, elimu ya darasa la saba, na miaka kumi na tisa ya kutazama vyuma vikilana kwa kukosa grisi. Niliitaka nafasi ile. Sijawahi kutaka kitu kwa kiasi kile, na nasema hivyo baada ya kupima.

Sikutaka kuomba mikono mitupu. Kwa miezi minne nilinunua magoti ya ng'ombe kwenye bucha ya mjini Kyela, asubuhi, kabla nyama haijapoa. Nilikamua ute wake, nikaupaka kwenye gegedu la goti lenyewe, nikatundika debe la mchanga juu yake, nikazungusha kwa mkono. Kisha nikarudia kwa grisi. Grisi ilishindwa kila mara. Tatizo lilikuwa joto letu: ute uliharibika siku ya pili. Nilijaribu njia kadhaa, zote nikaziandika, mpaka nikapata namna ya kuuhifadhi siku sita ndani ya mtungi uliofukiwa kwenye mchanga wenye maji. Kanisani walianza kuniuliza ng'ombe wangu anaendeleaje na masomo.

Zikabaki barua mbili. Kwetu hilo halina utata. Ukitaka kusafiri, kuoa mbali au kuomba kazi, unaanza kwa balozi wako wa nyumba kumi, yeye anaandika kwamba anakujua, na ofisi ya kijiji inagonga muhuri. Vyama vingi vilikuwa vimeingia nchini na watu walisema mabalozi wamekwisha. Muhuri haukuwa na habari hizo.

Balozi wangu alikuwa mzee mwenye goti bovu la kulia. Aliniuliza Wazungu hao wanataka kujua nini hasa.

"Kama ninafaa kuchunguza magoti, tata," nilijibu, kwa neno letu la kumwita baba.

"Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Basi unafaa."

Aliandika kwamba mtajwa ni mkazi wake, hana ugomvi, hajawahi kukosa msiba, na msibani huchimba kaburi, hakai jamvini kama wengine. Kuhusu magoti, aliandika kwamba la kwake nimelichunguza mara mbili kwa adabu. Barua ya pili ilitoka kwa mwenye bucha, mtu wa asili ya pwani na maneno machache: huyu hununua magoti tu, na hayali. Nilizitafsiri zote mbili bila kuongeza neno, nikaambatanisha kurasa mbili za matokeo, nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Aya ya kwanza ilisema maombi yangu hayawezi kufikiriwa, kwa kuwa sina shahada ya kwanza, na barua zilipaswa kutoka kwa watu wenye sifa ya kupima kazi yangu. Aya ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Profesa aliyeiandika angeshukuru sana kupata maelezo kamili ya jinsi nilivyohifadhi ute siku sita bila friji, maana wa kwao huharibika kabla kazi haijaisha.

Niliisoma pale pale posta, nikarudi kwa miguu ingawa nilikuwa na baiskeli. Jioni nilimsomea balozi. Alinyoosha goti lake, akataka nirudie aya ya pili.

"Huyu profesa amekuja na barua ya nani?"

"Hii hapa, tata. Ameandika mwenyewe."

"Mtu hajiandikii, fundi. Wewe walikuuliza nani anakujua. Yeye nani anamjua?"

Sikuona kosa katika hoja hiyo, na nimelitafuta. Niliandika kwamba maelezo yapo, kurasa saba pamoja na michoro. Kabla sijayatoa, profesa aombwe kuleta barua kutoka kwa balozi wake, yenye muhuri, inayoeleza kwamba ni mkazi, hana ugomvi na majirani, na huhudhuria misiba. Balozi aliniambia niongeze: kama huchimba au hukaa jamvini. Niliongeza. Nilimaliza kwa ndaga, nikaeleza kwamba kwetu ndivyo tunavyoshukuru.

Hakuna kilichorudi. Lakini mtungi sikuufukua. Kwa msimu mzima wa mavuno, kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, niliulowesha ule mchanga kwa kopo moja la maji, profesa asije akatimiza sharti akaukuta mkavu.