Niliweka hundi kama mtu awekavyo mbuzi

Mhariri, lifiche jina langu, ingawa huku Ugweno watanijua tu. Miaka yangu sijaihesabu, ila Wajerumani walipokimbia nilikwisha kuota ndevu. Kahawa yangu haina mpinzani, na katika mlima wetu mzee mwenye kitabu cha hundi ni mimi peke yangu.

Mwaka jana nilichukua mashine ya kumenya kahawa kwa mkwe wangu wa Kighare, ambaye mwanawe amemwoa binti yangu. Kwetu ukichukua kitu kukijaribu unaacha dhamana, mbuzi au jembe, na haiguswi mpaka mmeridhiana. Mimi niache jembe? Nikamwandikia hundi ya bei nzima. Nikamwambia, "Mkwe, iweke ndani. Mashine ikinipendeza, nitakwambia uende benki." Akacheka, "Sawa, bwana mkubwa."

Mashine ikaponda kahawa yangu ikawa uji. Nikampeleka kwa wazee wa ukoo. Shauri likiwa katikati, yeye akaenda benki Moshi. Fedha hazimo, nilikwisha kuezekea mabati. Akaenda polisi.

Wazee wakanipa haki: mashine irudi, hundi irudi. Mkwe akasema, "Hundi si mbuzi, wazee wangu. Iko Boma, kwa serikali."

Basi nikaitwa kortini Same; nikateremka, nikapanda tena, nikateremka tena. Magoti yamekwisha. Hakimu akaniuliza, "Mzee, ulijua benki hamna kitu?" Nikajibu kwa sauti, "Nilijua! Kwani dhamana huliwa?" Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema, "Wazee wako wameamua mashine. Mimi naamua hundi." Karani akaninong'oneza nje: nikilipa kabla ya siku ya hukumu, mkwe ataliondoa shauri. Nisipolipa, jela.

Fedha ninazo, msidhani sina. Lakini nikilipa, nimenunua chuma kibovu, na maneno ya wazee yamekuwa upepo.

Juzi binti yangu alikuja na mtoto mgongoni. "Shikamoo baba. Baba mkwe hali tena chakula nikipikacho. Lipa tu, baba."

"Marahaba. Kwa hiyo baba yako ni mwongo?"

"Si mwongo, baba. Umechoka. Hata mimi nimechoka."

 Mashine iko pale mgombani, kuku wanatagia ndani yake.

Jumatatu ni siku ya hukumu, nateremka. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nambieni mapema: nibebe fedha, au nibebe blanketi?